Kasoro Iliyogeuka Pambo

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Msemo huo wafaa sana katika historia ya pedali za kukwaruza sauti ya gitaa la umeme, kwani chanzo chake ni hitilafu.

Katika wimbo wa Marty Robbins uliotolewa mwaka 1961, uliorekodiwa mjini Nashville, Marekani, gitaa la besi la Grady Martin lilisikika likinguruma kwa ajili ya ubovu wa mtambo wa studio. Mlio ule haukufutwa, ulipendwa. Fundi Glenn Snoddy akauundia saketi ya transista tatu za jerimani, na mwaka 1962 kampuni ya Gibson ikaitoa kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1966 ilitokea London pedali ya Fuzz Face, yenye transista mbili tu. Lakini jerimani huathiriwa na joto. Pedali iliyopendeza asubuhi yaweza kuudhi usiku ukumbini. Ndipo zikaja transista za silikoni, zilizo imara zaidi na zenye mlio mkali zaidi.

Katika miaka ya 1970 kazi ya kukwaruza ilikabidhiwa diodi. Diodi ni mfano wa mlango wa umeme ufungukao upande mmoja, tena baada ya nguvu kufikia kiasi fulani. Ile ya silikoni hufunguka karibu na volti 0.6. Suala kubwa likawa: mlango huo uwekwe wapi? Pedali ya MXR Distortion+ iliuweka baada ya kikuzaji, ukielekea ardhini. Kilele cha wimbi kilichozidi kimo hukatwa. Boss OD-1 ya Japani, ya mwaka 1977, iliuweka katika njia irudishayo sauti kwenye kikuzaji. Hapo kilele hakikatwi, bali ukuzaji wake hupunguzwa, na sauti ya asili husalia ndani ya mkwaruzo. Diodi zake ni tatu, mbili upande huu na moja upande ule, hata pande mbili za wimbi hazilingani. Ibanez TS808, ya mwaka 1979, ilitumia diodi mbili zilizolingana, na kuzikuza kwa kiasi pungufu sauti nzito zilizo chini ya mizunguko 720 hivi kwa sekunde kuliko zile nyembamba. TS9 ya mwaka 1982 ilitofautiana nayo hasa kwa rizista mbili za mwisho. Hata hivyo wapigaji hawajaacha kubishana juu yake.

Mambo haya yasitushangaze sisi. Ilimba ya Wagogo hutobolewa tundu, likafunikwa utando wa buibui, ili sauti ivume. Kilichozuka Nashville kwa ajali, Ugogo hufanywa kwa kusudi. Basi mwalimu atakayeubandua utando ule kwa nia ya kuisafisha ilimba, ajue kwamba hakuondoa kasoro. Ameondoa sauti yenyewe.