Ghasia za 2007: Manusura wa ubakaji walivyoishtaki serikali

Watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi mkuu wa Kenya wa Desemba 2007. Hesabu ya waliobakwa haijapata kukamilika, kwani wengi walinyamaza.

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki, ambayo ripoti yake ilitolewa Oktoba 2008, ilitenga sura nzima kwa dhuluma hizo na kueleza kwamba maafisa wa usalama walikuwa miongoni mwa waliozitenda. Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wenyewe: mwanamke aliyebakwa na askari alitarajiwa kuandikisha taarifa katika kituo cha askari hao hao, kisha apewe fomu ya P3 ili daktari aijaze. Waliokimbilia hospitali kwanza, kikiwemo kituo cha waathiriwa katika Hospitali ya Nairobi Women's, walipata matibabu, lakini si wote waliokuwa na ushahidi unaokubalika mahakamani.

Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, ubakaji ulikuwa sehemu ya mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta. Mashtaka hayo yaliondolewa Desemba 2014 kabla ya kusikizwa. Machi 2015, akiwa rais, Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali na kutangaza hazina ya Sh10 bilioni kwa waathiriwa wa dhuluma za kale.

Mashirika ya kiraia hayakungoja The Hague wala hazina. Februari 2013, manusura wanane, wanawake sita na wanaume wawili, waliwasilisha kesi nambari 122 katika Mahakama Kuu jijini Nairobi, wakiungwa mkono na mashirika ya COVAW, IMLU, tawi la Kenya la ICJ na Physicians for Human Rights. Hawakuwashtaki wabakaji, ambao wengi hawakujulikana, bali serikali iliyoshindwa kuwalinda na kuwachunguza waliowatesa.

Kesi iliburuta kwa miaka saba. Desemba 10, 2020, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba serikali ilikiuka wajibu wake wa kuchunguza na kushtaki, akaagiza manusura wanne walipwe Sh4 milioni kila mmoja. Wanne waliosalia hawakupewa chochote.