Jumbe hakuondolewa na wapiga kura

Ukitaja rais kuondolewa kabla ya muda wake, watu wanakimbilia Uganda au Burundi. Jamani, mbona limetokea hapa hapa, tena bila risasi?

Aboud Jumbe alishika Urais wa Zanzibar mwaka 1972 baada ya Karume kuuawa. Mwaka 1980 wananchi wakampigia kura, ndiyo au hapana, maana mgombea alikuwa yeye peke yake. Januari 1984 akajiuzulu. Kosa lake? Alitaka Muungano wa serikali tatu, na alikuwa anaandaa shauri la kupeleka Mahakama Maalum ya Katiba, akisaidiwa na Mwanasheria Mkuu wake Bashir Swanzy, raia wa Ghana. Waraka ukavuja kabla haujafika mahakamani, ukamfikia Mwalimu. Halmashauri Kuu ya CCM ikakaa Dodoma kujadili "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa" Visiwani. Waliomshambulia sana ni Wazanzibari wenzake. Akaacha vyote: Urais, Umakamu wa Rais wa Muungano, Umakamu Mwenyekiti wa chama. Mzee Mwinyi akaingia.

Hapo hakuna mpiga kura aliyeulizwa. Chama ndicho kilimpa kiti, chama kikakichukua.

Sisi wa Same tuna historia nyingine kichwani. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare walishuka milimani, wakapiga kambi hapa kwa miezi kupinga kodi ya mbiru. (Marehemu Profesa Kimambo aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kitafuteni.) Hawakuwa na kura, lakini walijua anayeweza kuifuta kodi yuko boma, wakamfuata huko. Mpiga kura wa Unguja mwaka 1984 angekwenda kupiga kambi wapi? Kikao kilikuwa Dodoma, milango imefungwa.

Utaniambia siku hizi kuna Ibara ya 46A. Kweli ipo: hoja ya kumshtaki Rais inahitaji saini za asilimia 20 ya wabunge, na theluthi mbili ndipo aondoke. Haijawahi kutumika. Halafu soma na Ibara ya 71: mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama chake, ubunge nao kwisha. Sasa niambie, katika Bunge lililojaa wabunge wa chama cha Rais, nani ataanza kutia saini?