Dar es Salaam: Nyumba hutangulia, barabara hufuata

KWA miongo kadhaa, ukuaji wa Dar es Salaam umekuwa ukiikimbia mipango yake. Baada ya Mpango Mkuu wa 1949 ulioandaliwa na wakoloni, wa 1968 na wa 1979 iliandaliwa na kampuni za Kanada. Ule wa 1979 ulibaki kuwa rejea kwa zaidi ya miaka 30, hadi ulipoandaliwa wa 2016–2036. Katika kipindi hicho jiji liliongezeka kutoka wakazi wapatao milioni 2.5 mwaka 2002 hadi milioni 5.4 katika sensa ya 2022, wengi wao wakijenga pembezoni.

Kisheria, mamlaka ya upangaji ni halmashauri. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inazipa manispaa, zikiwamo Kinondoni na Temeke, jukumu la kuandaa michoro ya maeneo yao, nayo wizara yenye dhamana ya ardhi huiidhinisha. Lakini barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS, na zile za mitaa zilihamishiwa TARURA mwaka 2017. Leseni za daladala hutolewa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, ilhali mabasi yaendayo haraka yanasimamiwa na wakala wa DART. Kwa hiyo anayechora kiwanja siye anayejenga barabara, wala siye anayepanga basi lipite wapi.

Mfano ulio wazi ni mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002. Ulivuka lengo kwa mbali, na kwa upande wa upimaji ulistahili sifa. Viwanja vilipatikana Bunju na Mivumoni upande wa Kinondoni, pia Tuangoma, Kibada na Gezaulole, zote wakati huo zikiwa Temeke. Hata hivyo, wengi walihamia kabla ya lami na maji ya bomba. Daladala, ambazo hufuata abiria na njia inayopitika, zilichelewa kufika, na pikipiki zikajaza pengo.

Gharama ya kutenganisha ardhi na usafiri ilionekana kwa uchungu zaidi mwaka 2017 katika Barabara ya Morogoro. Kati ya Kimara na Kiluvya, nyumba zilizokuwa ndani ya mita 121.5 kila upande zilibomolewa kupisha upanuzi. Baadhi ya familia zilikuwa zimeishi hapo miaka mingi, huku nguzo za umeme zikisimikwa mbele ya nyumba zao. Serikali ilisimamia sheria ya hifadhi ya barabara; wananchi waliuliza ni nani aliyenyamaza wakati misingi ikichimbwa.

Taasisi za umma nazo hazikusalimika. Karakana ya mabasi yaendayo haraka ilijengwa Jangwani, ndani ya bonde la Mto Msimbazi, na mafuriko ya 2018 yakaharibu mabasi kadhaa. Huduma yenyewe, iliyoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, imethibitisha kuwa njia maalumu hupunguza muda wa safari, nayo awamu ya pili ilielekezwa Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, Temeke.

Aidha, mipaka ya utawala imekuwa ikigawanyika. Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji, iliyokuwa ikiziunganisha manispaa, ilivunjwa na Ilala ikapewa hadhi ya jiji. Bonde linaloanzia manispaa moja na kumwaga maji katika nyingine halijui mpaka huo.

Kwa anayenunua kiwanja pembezoni, mchoro ulioidhinishwa hupatikana idara ya mipango miji ya manispaa husika. Mpaka wa hifadhi huulizwa TANROADS, kwani Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande. Hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa haitoi jibu la lolote kati ya hayo mawili.