Jembe la Hiari na Jembe la Shuruti

Mtoto wa Makunduchi au wa Micheweni aliyefuatana na mama yake pwani siku za bamvua, maji yatokapo mbali hata mwamba ukabaki wazi, hakuambiwa kwamba anasoma. Alipewa kijiti na kikapu, akaonyeshwa tundu la pweza linavyotambulikana kwa makombe yaliyotapakaa mlangoni pake, akafunzwa kuhesabu siku za mwezi ili ajue ni lini maji yatatoka tena kadiri ile, na aliporudi nyumbani jua likiwa utosini alikuwa amepata ilimu ambayo hapana kitabu cha zama zile kilichokuwa nayo. Kadhalika mwana wa mkulima alijifunza hesabu ya mwaka wa Kiswahili, unaoanzia siku ya Nairuzi na kwenda kwa miongo, kumi baada ya kumi, hata akaweza kusema, bila ya kutazama karatasi, mwongo gani ni wa kufyeka na mwongo gani ni wa kutia mbegu. Na huko nyuma ya Mombasa, katika nchi ya Wamijikenda, vijana walikulia pembezoni mwa misitu ya kaya, ambayo wazee waliiwekea miiko ya kutokatwa mti ovyo, na misitu hiyo, iliyosalia kwa nguvu ya miiko hiyo zaidi kuliko kwa nguvu ya askari, ndiyo iliyotiwa mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa dunia.

Sisemi haya kwa kuwatukuza wahenga kupita haki yao. Wahenga hao hao walikata boriti za mikoko huko Rufiji na Lamu, wakazisheheni majahazini msimu baada ya msimu zikaezeke nyumba za Arabuni na Uajemi, na matumbawe waliyapasua wakayachoma tanuuni kuwa chokaa pasipo kuuliza yatarejea lini. Nisemalo ni hili tu, kwamba taalimu ya kuitunza nchi na bahari ilianza kwa mkono na kwa kufuatana na mkubwa, na kwamba shule, ilipokuja kuishika kazi hiyo, ilichukua miaka mingi kabla ya kutambua kuwa jembe ni moja lakini mkono ulioshurutishwa kulishika si sawa na mkono uliolishika wenyewe.

Shuruti haikuletwa na Wazungu peke yao. Wanahistoria husimulia kwamba Seyyid Said, alipoazimia kuifanya Unguja kuwa nchi ya karafuu, aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na atakayekaidi shamba lake litwaliwe. Insafu yatulazimisha kukiri kwamba mikarafuu ilipandwa, ikaota, ikaitajirisha nchi. Amri huweza kupanda mti. Kumpanda mpenda miti ndilo jambo jingine. Waingereza walilionja hilo kwa uchungu. Katika milima ya Uluguru, serikali ya Tanganyika ilianzisha tangu mwaka 1950 mpango wa kuwalazimisha watu wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko wa udongo, kazi ambayo kwa sura yake ilikuwa ya manufaa, walakini iliendeshwa kwa faini na kwa makaripio ya mabwana shamba, hata mwaka 1955 watu wakaasi na damu ikamwagika. Huko Murang'a, katika Kenya, wanawake walikwisha kuyagomea matuta ya namna hiyo miaka minane kabla. Udongo ulikuwa wao, mmomonyoko ulikuwa wao, na mvua iliyouchukua udongo ule ilipita mbele ya milango yao. Kilichokuwa si chao ni ile kazi.

Kwa hiyo yastahiki kukumbukwa, kama jambo la pekee katika zama zile, yaliyotendeka Muguga, kando ya Nairobi, mwaka 1922. Bwana misitu mmoja wa Kiingereza, Richard St. Barbe Baker, aliyekuwa amefika Kenya miaka miwili kabla, aliona jinsi misitu ya Wakikuyu inavyofyekwa na hapana kinachorudishwa, akawauliza wazee kwa nini hawapandi, akajibiwa kwamba kupanda msitu ni shauri ya Mungu. Hakubishana nao. Aliona kwamba watu wale walikuwa na ngoma ya kupanda mbegu na ngoma ya mavuno, ila ngoma ya miti hawakuwa nayo, basi akashauriana nao ifanywe, na kwa auni ya chifu Josiah Njonjo vijana wakaitwa kambini kwake. Kwa masimulizi yake mwenyewe walihudhuria wapatao 3,000, wakachaguliwa 50 wa kwanza, wakala ahadi ya kupanda miti kumi kila mwaka na kuitunza miti popote iwapo. Chama chao kikapewa jina la Kiswahili, Watu wa Miti, na ndilo jina lililovuka bahari miaka miwili baadaye likafasiriwa kwa Kiingereza huko Uingereza. Aghalabu mambo ya namna hii hutoka huko yakija huku, na hili lilikwenda kinyume. Yawezekana kwamba Baker, kama wasimuliaji wote wa habari zao wenyewe, aliipaka habari yake rangi kidogo. Walakini kiini chake hakina shaka: vijana wale walikwenda kwenye miche kwa ngoma, hawakwenda kwa kiboko.

Tufike mwaka 1967. Mwezi wa Februari lilitoka Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Mwalimu Julius Nyerere akatoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, ambao watu wengi huutaja na wachache huusoma. Anayeusoma kwa makini ataona kwamba Mwalimu hakuagiza tu kila shule iwe na shamba au karakana. Aliagiza kwamba wanafunzi wenyewe washiriki katika kupanga kazi, wayaone makosa yao na wajifunze kwayo, na mapato ya shamba lile wayaone yakirudi katika maisha yao ya shule. Shamba lilikuwa darasa, na wanafunzi walikuwa wenye shauri. Fikra hiyo ilikuwa nzuri na ya mbali, na mimi sijui waraka mwingine wa serikali yoyote ya Afrika wa zama zile ulioitazama mikono ya mtoto kwa taadhima kiasi hicho.

Lakini waraka huandikwa na mmoja na kutekelezwa na maelfu. Mimi niliyasoma madarasa yangu katika shule ambayo sitaitaja jina, yenye miche ya mikrismasi na milusina iliyopangwa safu mbele ya ofisi, na kila mwanafunzi alikuwa na mche wake na kopo lake. Ila aliyechelewa namba alipewa miche kumi ya kumwagilia badala ya mmoja, aliyezungumza darasani alitumwa kung'oa visiki, na aliyeshindwa hesabu alikwenda kulima tuta la mihogo urefu wa uwanja. Hivyo tukajifunza, wala hatukujifunza polepole, kwamba ardhi ni mahali anapopelekwa mkosa. Mwenzangu mmoja alikuwa akiumwagilia mche wake maji ya moto aliyoyaficha jikoni, ili ufe apumzike. Tulimcheka, na hakuna aliyemshitaki. Walimu wetu hawakuwa watu waovu; walikuwa na wanafunzi wengi, mishahara midogo, na hesabu ya magunia waliyotakiwa kuionyesha wilayani, na panapohitajiwa magunia hapana nafasi ya kumwuliza mtoto wa miaka kumi na mmoja shauri lake juu ya nafasi baina ya shina na shina. Malalamiko ya namna hiyo yalisikika katika mikoa mingi, na nadhani taksiri kubwa ya utekelezaji wa Elimu ya Kujitegemea ilikuwa hapo: lililokusudiwa kuwa ilimu lilifanywa adhabu, na jembe likabaki na jina baya ambalo halijatakata hata leo.

Vyama vya hiari ndivyo vilivyoanza kulisafisha jina hilo. Nchini Kenya, mwaka 1968, wanafunzi wa sekondari walianzisha vilabu vya wanyamapori, na mwaka 1980 Tanzania nayo ikapata vilabu vyake, vilivyo na makao Arusha, kwa jina ambalo sijaona zuri kulishinda katika fani hii: Malihai. Aliyelibuni alijua Kiswahili. Nchi hii ilikuwa imezoea kuambiwa na wageni kwamba wanyama ni wa kuonwa, na wenyeji wengi wakiamini kwamba wanyama ni kitoweo au ni mali ya serikali. Neno moja likawaambia watoto kwamba ni mali, kwamba iko hai, na wao wana fungu ndani yake. Mtoto wa Moshi au wa Mugumu, ambaye tembo alikuwa akimjua kwa mazao ya babaye yaliyovunjwa usiku, alipandishwa gari siku ya ziara akamwona tembo yule mchana, akimnyonyesha mtoto wake. Sitaki kudai kwamba alirudi amesamehe mahindi.

Dar es Salaam nako, mwezi wa Februari 1991, vijana 12 kutoka shule mbalimbali walikusanyika barazani kwa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe aliyefika Gombe mwaka 1960, wakamweleza yaliyowakera: ujangili, takataka za mitaani, uvuvi wa baruti. Hakuwapa somo; aliwauliza watafanya nini. Kikundi kile kidogo ndicho mzizi wa Roots & Shoots, jumuiya ya vijana iliyoenea hivi leo katika nchi nyingi za dunia, na msingi wake ni kuwa vijana huchagua wenyewe jambo la kutenda, moja kwa watu, moja kwa wanyama, moja kwa mazingira.

Walakini nikiulizwa ni wapi hasa hiari hiyo ilikopata darasa lake, nitaelekeza kidole baharini, kusini-magharibi ya mji wa Unguja, kwenye kisiwa cha Chumbe. Ni kisiwa kidogo, hekta zisizofika 25, kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na kimsikiti cha kale, na kwa kuwa kilikaa kando ya mkondo wa vyombo vikubwa wala hakikuwa na kijiji, mwamba wake wa magharibi ulisalimika wakati miamba mingine ilipokuwa ikipigwa baruti na kukokotwa juya. Mwalimu wa Kijerumani, Sibylle Riedmiller, aliyekuwa amefanya kazi ya elimu katika Tanzania, akashawishi serikali ya Zanzibar, na baada ya njoo kesho nyingi za maofisini, mwaka 1994 mwamba ule ukatangazwa hifadhi. Walinzi hawakuletwa kutoka mbali. Walichukuliwa wavuvi wa vijiji vya jirani, wakafunzwa majina ya samaki kwa lugha ya kitaalamu juu ya yale waliyoyajua tangu utotoni, na wakapewa kazi ya kuilinda bahari pasipo silaha, kwa maneno peke yake: mvuvi akimkuta mvuvi mwenziwe ndani ya mpaka, akimwamkia, akimweleza kwa nini samaki wakiachwa hapa watazaana na kutoka nje kwenda nyavuni kwake.

Wavuvi hao ndio waliokuwa walimu. Tangu hapo wanafunzi wa skuli za Unguja wamekuwa wakipelekwa Chumbe kwa boti kutoka Mbweni, pwani ile ile ambako John Kirk, balozi wa Kiingereza, alipanda bustani yake ya miti ya ugenini katika karne ya kumi na tisa. Wanafunzi hupewa maboya ya kuvaa, miwani ya maji na mrija wa kupumulia, kisha huingizwa baharini. Msomaji asiyeijua Unguja atadhani hilo ni jambo jepesi. Sivyo. Wengi wa watoto hao, na wasichana zaidi, wamezaliwa wakisikia mawimbi na hawajapata kuogelea. Bahari kwao ni pahala pa wanaume na ngalawa, na matumbawe ni mawe tu, mawe na miamba, vitu vya kukata mguu, vya kujengea na kuchoma chokaa. Mtoto hushika mkono wa mlinzi, huinamisha uso majini, na jiwe lile analiona limefumbua midomo elfu. Katika mwamba wa Chumbe pana jamii zisizopungua 200 za matumbawe magumu na zaidi ya jamii 400 za samaki, lakini sidhani kwamba mtoto huyo huhesabu. Yeye huibuka, hutema maji ya chumvi, humwita mwenziwe. Wasichana huingia na mabuibui na suruali zao, na hakuna aliyeambiwa avue. Nchi kavu huonyeshwa vyoo visivyotumia maji, ambavyo uchafu wake hugeuka mboji, na majumba ya wageni yanayokinga mvua kwa mapaa yao, nao hucheka kwanza vyooni kabla ya kusikiliza.

Kazi hii ina fundo lake, na si haki kulificha. Ziara za wanafunzi hulipiwa na fedha za watalii wanaolala katika majumba saba yale, na mwaka 2020, maradhi yalipozifunga safari za dunia, chemchemi hiyo ilikauka. Darasa la watoto wa Unguja limetegemea mapumziko ya watu wa Ulaya. Hilo latosha kuwatafakarisha wenye kupanga bajeti.

Habari za Watu wa Miti tunazo kwa kuwa Baker aliandika vitabu, na za barazani Dar es Salaam tunazo kwa kuwa mwenye baraza alikuwa mashuhuri. Ila walimu wa msingi walioongoza mashamba ya shule, wabaya wao na wema wao, waliandika katika madaftari ya shamba tu: mche gani ulipandwa, siku gani, na nani, na mingapi ilikufa. Madaftari hayo yapo makabatini na darini, mchwa wakiyala. Aliye nalo moja asilitupe. Alipeleke kwenye maktaba ya wilaya au ya chuo kilicho karibu naye, na kama alikuwa miongoni mwa watoto waliotajwa humo, aandike pembeni, kwa mkono wake, kama mche ule alikwenda kuupanda au alipelekwa.