Chepilat, mji wa mpakani uliozaliwa mashambani

Chepilat, au Chebilat kama wengine waandikavyo, ni mji ulioko kwenye barabara ya kutoka Sotik kwenda Kisii, mahali ambapo Kaunti ya Bomet inapakana na Nyamira. Upande wa Sotik wenyeji ni Wakipsigis hasa. Ule wa Borabu, Wagusii.

Kabla ya uhuru, eneo hili lilikuwa la walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1960 serikali ilinunua mashamba yao na kuyagawa kwa wakulima Waafrika. Ndivyo Borabu ilivyopata wakazi wengi kutoka vilima vya Gusii, ambako ardhi ilikuwa imebanana. Wakipsigis nao walikumbuka kuwa nchi hiyo ilikuwa malisho yao kabla ya mlowezi kufika. Kumbukumbu hizo mbili hazijapatana hadi leo.

Ng'ombe wa maziwa, mahindi na majani chai vingali tegemeo la jirani zote mbili, ingawa kando ya barabara shamba limepisha ploti, maduka na nyumba za kupangisha.

Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliuteketeza mji huu mapema mwaka 2008, na familia nyingi zikakimbia. Waliorejea walijenga upya palepale mpakani.

Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, mwenye duka hupata leseni Bomet au Nyamira, kutegemea upande alipo. Sokoni, Mkipsigis na Mgusii, ambao lugha zao hazina undugu, hupatana bei kwa Kiswahili.