Lugha Moja, Majina Mawili: Historia ya Moldova na Kazi ya Mfasiri

Hivi karibuni mfasiri mmoja alileta ofisini kwetu nyaraka mbili kutoka nchi ya Moldova. Ya kwanza, ya mwaka 1998, ilitaja kuwa imeandikwa kwa Kimoldova. Ya pili, ya mwaka 2024, ilitaja Kiromania. Mfasiri alizilinganisha akaona kuwa sarufi ni ileile, msamiati ni uleule na hati ni zilezile. Akauliza: je, yafaa kutumia jina moja katika tafsiri zote mbili? Swali hilo laonekana dogo, lakini jibu lake linahitaji historia. Makala haya yanakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi, na kuonyesha namna jina la lugha linavyoweza kubeba mzigo wa jamii nzima inayotoka katika utawala wa kikomunisti.

Sehemu kubwa ya Moldova ya leo iko kati ya mito miwili, Prut na Nistru. Mwaka 1812 eneo hilo lilitwaliwa na dola ya Urusi, na mwaka 1918 likaungana na Romania. Umoja wa Kisovieti haukuukubali muungano huo. Mwaka 1924 uliunda jamhuri ndogo ya Moldova ng'ambo ya mto Nistru, ndani ya Ukraine, na wanaisimu wa huko wakapewa kazi ya kuthibitisha kuwa Kimoldova ni lugha mbali na Kiromania. Siasa ilipogeuka, lugha nayo iligeuzwa: mwaka 1932 hati za Kilatini zilianza kutumika katika jamhuri hiyo, na mwaka 1938 zikaondolewa, hati zitumiwazo na Warusi zikarudishwa. Mwaka 1940 Wasovieti waliitwaa nchi iliyo kati ya mito, wakaipoteza katika vita, wakairudia mwaka 1944. Tangu hapo hati hizo za Kirusi zikawa ndizo za shule na magazeti yote.

Yafaa ikumbukwe kuwa tatizo halikuwa hati peke yake. Kirusi kilikuwa lugha ya kiwanda, ya ofisi kubwa na ya elimu ya juu ya ufundi. Lugha ya wenyeji ilibaki zaidi nyumbani, shambani na katika fasihi. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana hali ya lugha inayonyimwa istilahi kwa kunyimwa kazi. Lugha isiyoitwa kazini haizai maneno ya kazi.

Tarehe 31 Agosti 1989, Umoja wa Kisovieti ukiwa bado upo, bunge la Moldova lilipitisha sheria za kuifanya lugha hiyo kuwa lugha ya taifa na kurudisha hati za Kilatini. Kwa wengi ilikuwa siku ya furaha. Lakini kila jambo jema lina gharama yake. Mzee aliyesoma kwa hati za Kirusi alijikuta, baada ya miaka michache, hasomi kwa urahisi barua ya mjukuu wake. Wafanyakazi waliozungumza Kirusi, hasa katika viwanda vya Tiraspol ng'ambo ya Nistru, waliogopa kuwa watapoteza vyeo kwa kutojua lugha ya taifa, wakagoma. Mwaka 1992 mgogoro huo, pamoja na mambo mengine ya madaraka, uligeuka kuwa vita vilivyoua mamia ya watu. Hadi leo eneo hilo linajitawala lenyewe bila kutambuliwa kimataifa, na linaendelea kukiandika Kimoldova kwa hati za zamani. Mwaka 2004 wakuu wake walizifunga kwa nguvu shule zilizofundisha kwa hati za Kilatini. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kuwa haki ya watoto ya kupata elimu ilivunjwa, na ikaihukumu Urusi kuwajibika.

Upande wa pili wa mto ubishi ulikuwa juu ya jina. Tangazo la Uhuru la Agosti 1991 lilitaja Kiromania. Katiba ya mwaka 1994, katika kifungu cha 13, ikataja Kimoldova. Wimbo wa taifa uliochaguliwa katika miaka hiyo unatokana na shairi la Alexei Mateevici la mwaka 1917. Shairi zima linaisifu lugha, wala halitaji jina lake hata mara moja. Huenda ndiyo sababu watu wa kila upande waliweza kuuimba. Mwaka 2003 Vasile Stati alichapisha kamusi ya Kimoldova na Kiromania, jambo lililozusha kicheko na hasira, kwani maneno mengi yalijifasiri yenyewe. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa Tangazo la Uhuru lina nguvu kuliko kifungu cha 13. Hatimaye, Machi 2023, bunge lilipitisha sheria ya kuweka jina la Kiromania katika sheria zote na katika Katiba.

Je, sheria imemaliza ubishi? La. Katika sensa ya mwaka 2004 watu kiasi cha asilimia 60 walisema lugha yao ya mama ni Kimoldova, na asilimia 16 hivi wakasema Kiromania. Katika sensa ya mwaka 2024 waliosema Kimoldova walikuwa bado karibu nusu, na waliosema Kiromania kiasi cha asilimia 31. Wakati huohuo wengi wamechukua pasi za Romania, ambayo iliingia Umoja wa Ulaya mwaka 2007, ili wapate kwenda kufanya kazi. Maana shida kubwa ya mpito ilikuwa riziki. Viwanda na mashamba ya ushirika vilianguka. Wanaume wakaenda kujenga Urusi, wanawake wakaenda kutunza wazee Italia, watoto wakabaki na bibi zao. Bila kuhesabu ng'ambo ya Nistru, nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 3.4 mwaka 2004, na milioni 2.4 mwaka 2024. Walipokuwa wakibishana juu ya jina la lugha, wasemaji walikuwa wakiondoka.

Hapa neno letu utambulisho lastahili kuangaliwa. Shina lake ni tambua; hakuna utambulisho pasipo mwenye kutambua. Mtu aweza kujitambua kuwa Mmoldova, akatambuliwa mpakani kuwa Mromania, na kazini ugenini akatambuliwa kwa kazi yake tu. Tukitumia neno hilo kana kwamba ni kitu kimoja kilichokaa ndani ya mtu, tutakuwa tumeficha nusu ya maana. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Lakini Moldova inatufundisha kuwa asili yenyewe yaweza kuandikwa upya na kila mtawala.

Kwa wafasiri, basi, tunapendekeza hivi. Hati rasmi ya sasa ya Moldova iandikwe kuwa ni ya Kiromania. Hati ya kale iliyotaja Kimoldova ibaki na jina hilo, kwa kuwa kulibadili ni kubadili ushahidi. Hati ya ng'ambo ya Nistru ifuate jina lake, na aina ya maandishi itajwe. Kiambishi ki- tunakibandika kwa wepesi mbele ya jina la nchi. Lakini kwa mwenye lugha, silabi hiyo moja yaweza kuwa na uzito wa mpaka. Mfasiri hana mamlaka ya kuusogeza.