Fonti katika programu za rununu: Leseni ambayo wengi huisahau

KIJANA mwenye tarakilishi mjini Kagio, Kaunti ya Kirinyaga, anaweza leo kuunda programu ya rununu inayowajulisha wakulima bei ya nyanya, au mchezo wa kuwaburudisha abiria wanaosubiri matatu ijae, na ikapakuliwa Nyeri, Mombasa na hata Muscat bila yeye kuondoka nyumbani. Picha atazipiga mwenyewe. Muziki atamwomba rafiki. Ama herufi, aghalabu huchukua zozote anazozikuta kwenye tarakilishi yake, na hapo ndipo hukosea bila kujua.

Herufi hizo hutoka katika fonti. Neno hili lina maana mbili ambazo yafaa zitenganishwe mapema. Maana ya kwanza ni sura ya herufi: unene wake, mikunjo yake na mapambo yake. Maana ya pili ni faili yenyewe, ile ambayo jina lake huishia kwa TTF au OTF, na ambayo ndani yake mna maagizo yanayoieleza mashine jinsi ya kuchora kila herufi. Anayelipia fonti hanunui sura wala faili. Hununua ruhusa ya kuitumia faili hiyo kwa namna iliyotajwa katika mkataba, na ruhusa hiyo ndiyo leseni.

Sheria hazilindi sura na faili kwa kiwango kimoja. Nchini Marekani, mahakama ya rufaa iliamua mwaka 1978, katika kesi ya Eltra dhidi ya Ringer, kwamba sura ya herufi haina hakimiliki; lakini faili ya fonti huweza kulindwa kama programu ya tarakilishi. Uingereza, kupitia sheria yake ya mwaka 1988, huilinda hata sura, ingawa kwa jumla ulinzi huo hulegea baada ya miaka 25. Hapa Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, inayosimamiwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, huihesabu programu ya tarakilishi miongoni mwa kazi za fasihi zinazolindwa. Isitoshe, hata pale wanasheria wanapobishana, mkataba ambao mtu ameukubali kwa kubofya kitufe unaweza kumfunga.

Kiini cha jambo ni tofauti kati ya bango na programu. Mchoraji akibuni bango la duka la pembejeo kwa fonti aliyoilipia, kisha akalichapisha na kulitundika kando ya barabara ya Kutus, hakuna mpita njia atakayeondoka na faili ya fonti. Aliyoiona ni wino tu. Programu ya rununu haiko hivyo. Ili herufi zionekane kama mwundaji alivyokusudia, faili ya fonti hupachikwa ndani ya programu na kusafiri nayo hadi katika kila simu. Watu 5,000 wakiipakua, fonti imenakiliwa mara 5,000. Zaidi ya hayo, programu ya Android ni furushi tu la faili zilizobanwa; mtu mwenye ujuzi kidogo hulifungua na kuitoa fonti humo. Ndiyo maana wauzaji wengi hutenga leseni ya tarakilishi, leseni ya tovuti na leseni ya programu za simu, kila moja na bei yake. Aliye na ile ya kwanza hana ya tatu.

Mitego iko mingi. Fonti zilizokuja na Windows, kama vile Arial, zimeruhusiwa kutumika katika tarakilishi hiyo. Hazikutolewa ili ziambatishwe na kusambazwa katika programu ya mtu mwingine. Anayelipia huduma ya Adobe Fonts kila mwezi anaweza kubuni nembo kwa fonti hizo, ila faili zake hazipachiki katika programu ya simu. San Francisco ya Apple haifai kuhamishiwa katika programu ya Android. Tena kuna tovuti zinazogawa fonti "bure", na chini kabisa, kwa maandishi madogo, imeelezwa kwamba ni bure kwa matumizi ya kibinafsi pekee. Mchezo unaoonyesha matangazo ya biashara si matumizi ya kibinafsi, hata kama umeleta shilingi 40 tu.

Kuna wanaodhani kwamba wakizigeuza herufi kuwa picha watakuwa wameukwepa mkataba. Kwa nembo au kichwa cha mchezo, ambacho hakibadiliki, mara nyingi hilo hukubaliwa. Lakini akichora alfabeti nzima katika picha moja na programu ikawa inaokota herufi humo ili kuunda maneno mapya, mikataba mingi huiona hiyo kuwa fonti iliyopachikwa kwa mlango wa nyuma.

Kwa watu wa eneo la Mlima Kenya kuna tatizo jingine, na huenda ndilo kubwa zaidi. Gĩkũyũ ina irabu saba; ĩ si i, wala ũ si u. Kiembu, Kimeru na Kikamba huzitumia herufi hizo pia. Fonti nyingi, hasa za zamani na za bure, zilitengenezwa kwa seti ya herufi za Ulaya Magharibi, ambayo ina ã, ñ na õ lakini haina ĩ wala ũ. Mwandishi wa Kiswahili hasumbuki, kwani ng' humtosha kwa alama ya kawaida ya ritifaa. Lakini mchezo wa kuwafunza watoto kusoma Kĩrĩnyaga au Ngũgĩ utaonyesha visanduku vitupu mahali pa irabu, au herufi zilizoazimwa kutoka fonti nyingine zisizolingana na jirani zake.

Basi mwundaji huifungua fonti na kuchora kiwimbi juu ya i na u. Kazi ya saa moja, na yenye nia njema. Hata hivyo, mikataba mingi ya fonti za kulipia hukataza kuibadilisha faili kwa namna yoyote, hivyo huwa amevunja vifungu viwili kwa mpigo: cha kubadilisha na cha kusambaza.

Njia iliyo salama zaidi ni fonti huria. Leseni inayotumika sana ni Open Font License ya shirika la SIL, iliyotolewa kwanza mwaka 2005 na kurekebishwa mwaka 2007. Inaruhusu fonti kupachikwa katika programu yoyote, hata ya kuuzwa, mradi tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yaambatishwe, kwa mfano katika ukurasa wa "Kuhusu". Hairuhusu fonti kuuzwa peke yake. Anayeibadilisha lazima atoe toleo lake chini ya leseni iyo hiyo, na iwapo jina la fonti limehifadhiwa, alibadilishe. SIL yenyewe ina fonti iitwayo Andika, jina lililotolewa katika Kiswahili chetu, iliyobuniwa kwa wanaojifunza kusoma. Ina ĩ na ũ tayari, kama zilivyo pia fonti za Noto za Google. Njia rahisi kuliko zote ni programu kuiomba simu itumie fonti yake yenyewe, kwa maana hapo hakuna kinachosambazwa.

Anayetaka fonti ya kulipia asome namna ada inavyohesabiwa: kwa programu, kwa mwaka au kwa idadi ya watumiaji. Mwishoni mwa mwaka 2025, kampuni ya Fontworks ya Japani, iliyonunuliwa na Monotype ya Marekani mwaka 2023, ilikomesha mpango wake wa leseni za michezo. Vyombo vya habari viliripoti kwamba mahali pa ada ya takriban dola 380 kwa mwaka pamechukuliwa na mpango wa dola 20,500, tena wenye kikomo cha watumiaji 25,000.

Mwenye fonti akigundua ukiukaji, hatua yake nyepesi ni kulalamika kwa duka la programu, ambalo huweza kuiondoa programu kabla kesi haijafika mahakama yoyote. Aliyekwisha kukosea aibadilishe fonti na kutoa toleo jipya upesi. Nakala za zamani zitabaki na faili ile ile hadi wenye simu wakubali toleo hilo, na kwa hizo itambidi azungumze na mwenye fonti.